Kukula Muzuri na Feza Kidogo mu Lubumbashi: Historia ya Sahani Yetu

Mu desturi yetu, mugeni akifika ku nyumba, hatumuulize kwanza habari ya kazi yake. Anapewa kiti, anapewa mayi ya kunawa mikono, kisha anaambiwa: «Karibu tukule.» Kama mu nyumba hakuna kitu, mama anatuma mutoto ku jirani kukopa meka moja ya unga. Hii njo heshima yenye tuliachiwa na bankambo, na kila kabila yenye inaishi mu Lubumbashi inaijua, hata kama kila moja iko na namna yake ya kuifanya.

Lakini mu muji, pembeni ya ile heshima, kumezaliwa tabia ingine: haya. Tunaona haya kumuonyesha mugeni sahani yenye tunakula shiye benyewe kila siku. Sombe na ndagala tunaificha ku jikoni. Tunakamata deni, tunanunua kuku ya barafu yenye ilivuka bahari, na muchele ya mu mufuko, juu mugeni asiseme tuko bamaskini. Mugeni naye, kama ametoka mbali na feza yake iko kidogo, anaogopa kukula inje, anabakia na mukate na soda. Bote babili banapoteza.

Tunataka kuonyesha hapa kama kukula muzuri na feza kidogo iko ni hekima yenye muji yetu ilijifunza mu historia yake, mu kazi nguvu na mu taabu. Tunataka pia kutenganisha bintu bibili byenye bantu banachanganya: byakula bya bei kidogo byenye bilitoka mu akili ya bantu, na byakula bya bei kidogo byenye bilitoka mu njaa. Ya kwanza tuilinde na kuionyesha bageni. Ya pili tuipiganishe.

1. Muji yenye ilizaliwa bila shamba

Mbele ya bazungu, shaba ya inchi hii ilikuwa inafuliwa na bantu ba hapa. Historia inabaita «balia shaba», ni kusema bantu benye kuishi kwa shaba. Lakini hata beye habakukula shaba peke yake. Kazi ya kuyeyusha ilifanywa zaidi mu kipwa, wakati mavuno ilikuwa imekwisha kuingia mu bigala. Kwanza shamba, kisha shaba. Muntu alienda ku kazi ya moto na tumbo yenye ilikuwa imeshiba.

Muji ya Elisabethville ilivunja ile mupango. Ilianzishwa mu 1910, ikapewa jina ya malkia Elisabeth wa Ubelgiji, na mu mwaka ileile reli kutoka Rodezia ikafika. Mu 1911 fulu kubwa ya Union Minière, kompani yenye iliundwa mu 1906, ikaanza kuyeyusha shaba karibu na mutoni Lubumbashi. Bafanyakazi balitafutwa mbali: Luapula na Rodezia ya Kaskazini, kisha Lomami na Kasai, na kuanzia 1925 mupaka Rwanda na Burundi. Balikuya banaume peke yabo, bila bibi, bila jembe, bila kigala. Pembeni ya fulu hakukuwa mashamba ya kutosha kulisha elfu na elfu ya bantu.

Basi unga ikatoka kusini na treni. Serikali ya koloni ilijaribu kuweka bakulima Babelgiji kandokando ya muji juu ya kupunguza ile hali ya kutegemea Rodezia, lakini mavuno yabo haikutosha. Myaka ya kwanza muji ilikuwa imefungwa sana na kusini, mupaka feza ya Waingereza ilikuwa inatembea mu maduka ya Elisabethville. Reli ya kaskazini ilifika Bukama mu 1918, na ile ya kuenda Kasai ikafika ku Ilebo, zamani Port-Francqui, mu 1928. Hapo njo byakula bya Congo yenyewe bilianza kupata njia ya kushuka ku muji.

Tukumbuke hii jambo, juu inarudilia mu kila sehemu ya historia yetu: muji yetu ilizaliwa na shaba mu mikono, na unga mu shamba ya mwengine.

2. Posho

Batoto ba leo banasikia «posho» banafikiri ni hadisi ya bazee. Kwa bankambo betu posho ilikuwa kalenda. Kila juma, siku ya posho, mufanyakazi ao bibi yake alienda na mufuko ku fasi ya kugawanya. Kulikuwa unga ya mahindi, maharagi, nyama ao samaki, mafuta ya ngazi, chumvi, karanga. Kompani ilihesabu muntu kama mashini: makaa ya mawe kiasi gani juu ya fulu, unga kiasi gani juu ya mufanyakazi.

Ile hesabu haikutoka mu huruma. Mu myaka ya kwanza bantu balikufa mingi sana mu makambi, na muntu wa kufa ao wa kukimbia ilikuwa hasara juu alikuwa ameletwa kutoka mbali. Mu mwisho ya myaka ya 1920 kompani ikabadilisha mupango: mufanyakazi akae ku kambi na bibi yake na bana bake, na beye pia bapewe posho. Hapo njo jikoni ya Elisabethville ilizaliwa kweli. Mbele ya pale kulikuwa nyungu ya banaume bachovu. Sasa kukakuwa mama mwenye kupika.

Na bale bamama balifanya kazi yenye kompani haikuandika mu kitabu yake. Posho ilikuwa namna moja kwa bote, lakini kila mama alikuwa na ulimi ya kwabo. Mama wa Kasai alizoea bidia ya unga ya mahindi yenye kuchanganywa na unga ya mihogo. Mama wa Luapula alijua samaki na majani ya maboga. Mama wa Lomami alijua sombe na mafuta ya ngazi. Mu kambi balikuwa majirani, bakashota moto mumoja kwa mwengine, bakaonjesha nyungu. Nyuma ya nyumba bakapanda lengalenga, matembele, maboga. Sahani ya Lubumbashi yenye tunajua leo, bukari na mboga yenye haina kabila moja, ilitoka mu ile bujirani. Kiswahili yetu ilizaliwa mu njia ileile.

Lakini posho ilikuwa pia kamba. Mwenye kukupa unga iko na shingo yako mu mukono. Wakati ya vita ya pili ya dunia, bei ya bintu ilipanda, mushahara ikabakia kidogo, kazi ikazidi. Bafanyakazi bakasimamisha kazi. Tarehe 9 Desemba 1941, mu uwanja ya mupira ya Elisabethville, basoda balipiga bantu masasi. Mingi balikufa, mumoja wabo Léonard Mpoyi, mwenye alikuwa anasema kwa jina ya benzake. Tukisema habari ya byakula bya zamani kama mambo ya kupendeza tu, tunasahau kama kulikuwa bantu benye balikufa juu balisema mushahara haitoshi kulisha nyumba.

Na kulikuwa bengine benye habakuwa mu kambi: baboyi na bapishi ba mu manyumba ya bazungu. Mu 1965, André Yav aliandika mu Kiswahili ya muji historia ya Elisabethville kwa ajili ya bale bafanyakazi ba zamani ba mu manyumba. Ile kitabu kidogo, Vocabulaire ya muji ya Elisabethville, inatufundisha kama historia ya muji inaweza kuandikwa kuanzia ku jikoni, na mwenye kusimama nyuma ya kiti ya bwana.

3. Pori na mayi

Posho ilijaza tumbo, haikutosha kufurahisha ulimi. Utamu ya sahani yetu ilitoka fasi ingine: mu pori ya miombo na mu mayi ya Luapula.

Tuanze na samaki. Kasenga, ku Luapula, iko mbali na muji zaidi ya kilometa 200. Kuanzia myaka ya 1920 bacuruzi Bagreki balijenga kule, bakapeleka samaki ya Luapula na ya ziwa Mweru na makamiyo mupaka ku makambi ya Elisabethville. Samaki yenye ilijulikana sana ilikuwa mpumbu. Mu mwanzo ya mvula mpumbu ilipanda mutoni juu ya kutaga mayai, na hapo njo bantu balitega nyavu. Walikamata mama pamoja na mayai yake. Mu mwanzo ya myaka ya 1950 mpumbu ilikuwa karibu imekwisha. Bakageukia samaki ingine, ile nayo ikapunguka. Kisha, tangu karibu myaka ya 1970, wavuvi ba Mweru bakaanza kukamata usiku, na taa, kasamaki kadogo kenye kuitwa kisense, na kukaanika ku jua. Leo kisense na ndagala njo nyama ya mwenye feza kidogo: hazitaki friji, zinauzishwa kwa kikombe, na mukono moja inatosha kupatia nyungu nzima ya sombe radha.

Mu pori, mvula ikianguka, bowa inatoka. Kandokando ya barabara bamama na batoto banasimama na bowa kubwa kama mwavuli, yenye inaota ku bichuguu. Ingine, ndogo, ya manjano ao nyekundu, inaota chini ya miti ya miombo. Mwenye kujua bowa ya kukula na ya sumu hakujifunza ku masomo. Alifuata mama yake mu pori. Kuko pia vinkubala, byenye binakaushwa na kukaa mwaka nzima, na asali, na matunda ya pori.

Na kuko kikanda. Mugeni akiona mu soko mukate ya rangi ya kahawia, yenye kukatwa vipande kama sosiso kubwa, aulize. Ile haiko nyama. Ni bihazi bya maua ya pori, zile maua zenye Wafaransa wanaita orchidées, zenye zinaota mu madilungu na mu mabonde ya mayi. Banakausha bihazi, banatwanga, banachanganya na unga ya karanga, chumvi, pilipili na magadi, banapika mupaka inakamatana. Kipande moja inagharimu kidogo na inashibisha. Ni byakula byenye tuko nabyo pamoja na ndugu zetu ba Zambia, juu mupaka ilipita mu katikati ya bantu, haikupita mu katikati ya nyungu.

Tuongeze munkoyo, kinywaji ya unga ya mahindi na muzizi ya pori yenye inaipatia utamu na jina. Mu joto ya Oktoba, kikombe ya munkoyo inashinda soda kwa mwenye kujua.

4. Siku posho ilikufa

Union Minière ilikamatwa na serikali mu 1967, ikakuwa Gécamines. Posho haikukufa siku ile. Mu myaka ya 1980, wakati kompani ilikuwa inatosha karibu tani 470,000 ya shaba kwa mwaka, mufanyakazi wa Gécamines alikuwa bado muntu wa kuheshimiwa: mufuko ya unga ilifika ku nyumba.

Kisha ikaanguka. Mu Septemba 1990 mugodi ya Kamoto, kule Kolwezi, ilibomoka. Mu 1991 kukakuwa uporaji mu miji. Shaba ikapunguka, mushahara ikachelewa, unga ikakosekana. Mu 2003 bafanyakazi zaidi ya 10,000 balipewa feza ya kuacha kazi, ile yenye tuliita «départ volontaire». Mingi yabo balikuwa bamezaliwa mu kambi, habakujua kuishi bila posho.

Nani alilisha muji? Bibi. Mama mwenye zamani alingojea siku ya posho alitoka akaweka meza mbele ya nyumba: chumvi mu kapaketi, mafuta mu kachupa, unga mu meka, yote kadogo-kadogo, kwa bei yenye jirani anaweza kupata siku ile. Alienda kulima kandokando ya muji. Alipanda kamiyo ya Kasenga ao ya Kasumbalesa. Na mwengine akaweka nyungu yake chini ya turubai, benchi mbili, akapika bukari ya bafanyakazi ba muji. Tunaita ile fasi malewa.

Shiye balimu tunaweza kushuhudia. Kuanzia myaka ya 1990 mushahara ya mwalimu haikutosha kitu, bazazi njo balilipa balimu kwa prime. Mwalimu mingi alifundisha saa ya mangaribi na nguvu ya sahani ya malewa yenye alikula kwa deni, na mama wa malewa aliandika ile deni mu kichwa yake, bila karatasi.

Lakini hapa tuseme kweli. Mu myaka ile manyumba mingi ya Lubumbashi ilianza kukula mara moja kwa siku. Ile haikuwa desturi, ilikuwa njaa. Batafiti ba Université de Lubumbashi balifanya kazi mingi juu ya maisha ya manyumba ya muji, na mu 2004 kukatoka kitabu nzima juu ya jambo hii, jina yake Byakula, chini ya uongozi ya Pierre Petit. Kuona namna mama anagawanya sahani moja kwa bantu munane ni kuona akili yake. Lakini akili ya mama haitoshi juu bakubwa balale usingizi. Tukisifu sombe, tusisifu sahani ya utupu.

5. Mugeni mwenye feza kidogo

Sasa, ndugu musomaji, kama uko na mugeni, mwanafunzi ao musafiri, mwenye amekuya kuona muji na hana feza ya hoteli kubwa, umupeleke namna gani?

Umuanzie ku gare, juu muji iliingia kwa reli. Kutoka pale aone kanisa kubwa ya Watakatifu Petro na Paulo, yenye ilijengwa mu 1920, na musée, fasi yenye ataona misalaba ya shaba yenye ilikuwa feza ya bankambo. Aone kwa mbali chimene ya Gécamines, meta 153, na mulima ya takataka ya fulu pembeni yake. Ile chimene njo maelezo ya sahani yenye atakula.

Saa sita, apande ku Kamalondo ao ku soko ya Kenya, mitaa ya bantu benye balijenga muji. Hapo atafute malewa. Namna ya kuchagua haiko ngumu. Aangalie fasi yenye bashofele ba kamiyo na bafanyakazi ba chantier banakaa. Beye banajua nani anapika muzuri na nani anapunguza kipimo. Aende mapema, saa nyungu iko bado ku moto, juu byakula bya moto biko na hatari kidogo. Aangalie kama kuko mayi ya kunawa na sabuni. Mayi ya kunywa akuwe na yake, ao ile yenye imefungwa, sababu kolera inajua njia ya muji yetu.

Aombe bukari na mboga moja. Mwenye kuomba mboga tatu analipa bei ya mu restora. Kama ni siku ya feza kidogo sana: sombe na ndagala, ao lengalenga na karanga. Kama iko na zaidi: tomson, ile samaki ya barafu yenye inatoka mbali, mingi mu mayi ya Namibia, ao samaki ya Kasenga yenyewe, yenye bei yake iko juu lakini ladha yake inajieleza. Kama ni wakati ya mvula, aulize bowa. Atakula kwa mukono, mukono ya kuume, na akikaribishwa na jirani ku benchi, aseme asante hata kama amekwisha kushiba. Kule ku malewa muntu hakule peke yake.

Saa ya ndani kati, njaa ya kidogo, kuko bitumbula, kandolo ya kuchemusha, karanga, mukate na avoka, kipande ya kikanda. Ile yote inaweza kukulwa mu kutembea. Mangaribi kuko michopo. Mbuzi inachomwa mbele ya macho, inakatwa vipande, inapewa na chumvi, pilipili na kitunguu. Michopo haiko bei ya chini kama sombe, lakini bantu bane bakiunganisha feza yabo, kila mumoja anakula. Siku TP Mazembe inacheza ku uwanja yake ya Kamalondo, moshi ya michopo inafika mbele ya mupira. Jambo moja tu: aulize bei mbele ya kukata nyama.

Hii hekima haiko ya kwetu peke yetu. Kule Zanzibar, mugeni mwenye feza kidogo anaenda Forodhani mangaribi, anakula pweza na urojo pamoja na bantu ba muji. Kule Granada, muji ya zamani ya Hispania, mwenye kuagiza kinywaji anapewa mara mingi kasahani kadogo ya byakula bila kulipa zaidi, na banafunzi banapitisha jioni namna ile. Kila muji ya historia iko na meza mbili, meza ya kuonekana na meza ya kukula. Mwenye kukaa ku meza ya kukula analipa kidogo, na anajua muji zaidi.

6. Sahani yenye iko mu hatari

Kama hii maandishi ingekuwa ya kusifu tu, tungeishia hapa. Lakini sahani ya bei kidogo iko leo mu hatari, na hatari ziko tatu.

Ya kwanza ni unga. Zaidi ya myaka 110 kisha kuanzishwa kwa muji, unga ya Lubumbashi ingali inatoka mingi ku Zambia. Mu mwanzo ya 2024 ukame kubwa ilipiga Zambia, mavuno ya mahindi ikaanguka karibu nusu, serikali yabo ikatangaza musiba ya taifa. Jua ikichoma shamba ya Choma ao ya Mazabuka, mama wa Katuba anapunguza tonge. Inchi yetu haikukosa udongo, haikukosa mvula. Ilikosa kumutendea mukulima kama ilivyomutendea muchimbaji.

Ya pili ni pori. Tunapika na makala, na makala inatoka mu miombo. Kila mwaka makamiyo inaenda mbali zaidi kuitafuta. Tujue jambo yenye bazee balijua na sayansi imehakikisha: bowa mingi ya miombo inaishi pamoja na mizizi ya miti. Muti ikikatwa, bowa yake inakufa nayo, haitarudi kwa mbegu ya soko. Vinkubala nabyo binakula majani ya miti ilehile. Na kikanda: kuchimba kihazi ni kuua ua. Ku Zambia maua ile imepunguka sana, mupaka bacuruzi balienda kuitafuta Tanzania, na kule Tanzania serikali ilifanya uwanda wa Kitulo kuwa hifadhi ya taifa mu 2005, hata kwa sababu ya maua. Mpumbu ya Luapula ilitufundisha mara moja namna byakula binakwisha. Tusifundishwe mara ya pili.

Ya tatu ni haya, ile tulianza nayo. Mara kwa mara bakubwa ba muji banafukuza bauzishaji kandokando ya barabara, banasema banachafua muji. Usafi ni muzuri, hatukatae. Lakini mama wa malewa anahitaji mayi, choo na fasi yenye kivuli, asihitaji fimbo. Na ku manyumba, batoto banafundishwa kudharau matembele na kutamani paka byenye bimefungwa mu plastiki. Mutoto mwenye kudharau mboga ya nyuma ya nyumba atainunua kesho kwa bei ya juu, ao ataikosa.

Kumaliza

Posho ilitoka kwa kompani, na siku kompani ilianguka, posho ilianguka nayo. Akili ya kupika na feza kidogo ilitoka kwa bamama, na yenyewe haikuanguka. Ilivuka koloni, ilivuka majina ya inchi na ya franka, inasimama leo chini ya turubai ku soko ya Kenya, na nyungu ku moto.

Basi tufanye bintu bitatu byenye haviombi feza ya serikali. Bazazi, tupande tena mboga nyuma ya nyumba, na tufundishe batoto majina yazo. Balimu, siku tunapeleka banafunzi ku musée, tubapitishe pia ku soko, mama moja abaelezee namna ya kutenganisha bowa na namna ya kupima unga. Na shiye bote, mugeni akifika, tusikopee kuku juu ya haya. Tumupe mayi ya kunawa, tumuwekee bukari ya moto na sombe yenye imepikwa muzuri, tumuambie bila kuficha uso: «Karibu tukule. Hii njo byakula bya kwetu.»